Seiko ya kike niliyomnunulia mama sokoni Kibuye: je, ni ya 1976 kweli?

Binti_wa_Nesi (Kisumu)

Habari zenu wadau. Natafuta mtu anayezijua saa za zamani, hasa Seiko za kike. Zimebaki wiki tatu nimkabidhi mama yangu zawadi hii, na sitaki kumpa pamoja na maneno ambayo sina hakika nayo.

Mama anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Alikuwa nesi. Alianza kazi Julai 1977 pale Russia, hospitali kuu ya hapa Kisumu iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Siku hizi ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini sisi tuliozaliwa pale bado tunaiita Russia. Mwezi ule ule baba alimnunulia saa ya mkono, Seiko ndogo ya chuma, kutoka duka la Mhindi mmoja mjini. Picha yake ipo: mama na sare nyeupe, mkono wa kushoto juu ya mkoba, saa inaonekana kwa shida.

Saa hiyo iliuzwa 1989 ili kaka yangu mkubwa aingie kidato cha kwanza. Mama hajawahi kulisema kama jambo la kusikitikiwa. Lakini mpaka leo ukimuuliza ni saa ngapi, kabla hajatafuta simu huugeuza mkono wa kushoto na kutazama upande wa ndani wa kifundo, mahali ambapo hapana kitu.

Sasa, Jumapili iliyopita nilikuwa Kibuye natafuta mapazia. Kuna mzee huuza redio, miwani na vikorokoro vingine, naye alikuwa na mkebe wa Blue Band umejaa saa. Hii ilikuwa chini kabisa. Niliitikisa, mshale wa sekunde ukaanza kutembea. Alitaka 2,500, tukaelewana 1,600. Aliniambia ni ya miaka ya sitini, na kwamba inataka betri mpya kwa sababu ukiivua usiku kucha asubuhi unaikuta imesimama.

Uso wake ni wa bluu iliyokolea. Juu pameandikwa SEIKO, chini AUTOMATIC, Hi-Beat na 17 JEWELS. Kuna kidirisha cha tarehe penye 3. Mshale wa sekunde ni mrefu, unatoka katikati. Mgongoni ni chuma, pameandikwa WATER RESISTANT, halafu 2205, kistari na namba nne nyingine, na mahali pengine 6N ikifuatwa na namba nne. Kioo kina mikwaruzo miwili. Cheni si kubwa lakini kwa mkono wa mama italegea.

Binamu yangu ameniambia ile 6 ni mwaka 1976. Ikiwa ni kweli, basi ni saa ya wakati ule ule wa saa aliyopewa na baba, na ningependa kumwambia hivyo. Je, naweza kumwambia?

Mwalimu_Kakamega

Binamu yako ameshika njia nzuri. Kwenye Seiko namba ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Lakini ile 6 ni tarakimu ya mwisho tu ya mwaka. Inaweza kuwa 1966, 1976 au 1986. Mimi kwa kuiona ya kukaza yenyewe bila betri ningesema 1966, na mwenye kuuza alikuambia miaka ya sitini.

Fundi_Nakuru

Dada, kwanza usinunue betri. Hakuna mahali pa kuiweka. Hiyo ni otomatiki: ndani kuna bamba zito lenye umbo la nusu mwezi, linazunguka kila mkono unapotembea, na kuzunguka kwake ndiko kunakokaza kamani, ile springi inayoiendesha saa. Ukiivua jioni ikiwa haijakazwa vya kutosha, itasimama usiku. Huo si ugonjwa. Ivae siku nzima, uende nayo sokoni, ufue nguo (siyo ndani ya maji), halafu uone kesho yake itaamkaje. Ikisimama hata baada ya siku nzima ya kuvaliwa, basi mafuta yamekauka.

Nimekaa kwenye benchi la saa hapa Nakuru tangu 1983 na Seiko za kina mama zimepita mikononi mwangu nyingi sana, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

6N ni Novemba. Walikuwa na nafasi moja tu ya kuandika mwezi, hivyo Januari mpaka Septemba ni 1 mpaka 9, Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Mwezi huo hauna ubishi. Ubishi ni wa muongo, na hapo Mwalimu ameuliza swali la haki ila jibu lake silikubali.

Sababu zangu ni hizi. Umesema baada ya 6N kuna namba nne, jumla sita. Saa za Seiko za 1966 kwa kawaida zilikuwa na tarakimu saba. Pia mgongoni umesoma WATER RESISTANT. Zile za miaka ya sitini ziliandikwa WATER PROOF; walibadilisha maneno hayo kuelekea 1970. Tena mashine yenyewe, hiyo 2205, ni ya miaka ya sabini. Inapiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde, ndiyo maana ya maneno Hi-Beat. Mtazame mshale wa sekunde: hautembei kwa kuruka, unateleza. Kwa mashine ndogo ya kike, kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati, kupiga kwa kasi hiyo na bado kubeba lile bamba la kujikaza na tarehe, hiyo ni kazi ya heshima. Naipenda sana mashine hiyo.

Kwa nini isiwe 1986? Seiko wenyewe walitoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi, yaani ya betri, kuuzwa duniani, Astron, tarehe 25 Desemba 1969. Mwanzoni ilikuwa ghali mno, lakini miaka ya themanini ilipofika bei ilikuwa imeshuka na saa za betri zilikuwa zimeteka madirisha ya maduka, hasa za kike, kwa sababu zilikuwa nyembamba na hazikutaka kukazwa. Kwa hiyo 6N ya 2205 ni Novemba 1976.

Lakini usimwambie mama bado. Namba ile iko kwenye kifuniko. Inakuambia kifuniko ni cha lini. Mimi nimefungua saa ambazo kifuniko ni cha saa moja, mashine ya nyingine, na uso wa ya tatu. Fundi hapati kipuri, anachukua kwenye saa iliyokufa. Huo ndio ulikuwa mtindo wetu na ndio uliozifanya saa nyingi ziishi. Tena kuna nyuso zilizopakwa rangi upya, bluu kali, nyekundu, kijani, zinaletwa kutoka nje kwa mafungu. Umesema uso wako ni wa bluu, na ukweli ni kwamba neno hilo ndilo lililonifanya nisite.

Tafuta kioo cha kukuza. Tazama chini kabisa ya uso, chini ya 6, pembeni kabisa karibu na ukingo. Uso wa kiwandani una maandishi madogo mno: JAPAN, halafu namba ya mashine, halafu namba ya uso wenyewe. Ikianza na 2205 ni ya mashine hiyo. Kama hakuna maandishi kabisa, au yamefura kama wino juu ya karatasi mbichi, uso umepakwa. Kisha mpelekee fundi aifungue, asome kilichoandikwa kwenye mashine. Akichukua kisu cha jikoni ili kufungua, rudisha saa yako mfukoni utafute mwingine.

Mwalimu_Kakamega

Nimekubali, mzee. Hilo la tarakimu saba sikulijua. Nina Seiko ya marehemu baba yenye namba saba na siku zote nilidhani moja imeongezwa kimakosa.

Mjukuu_wa_Kaimosi

Samahani kuingilia, ila maadam fundi yupo. Bibi yangu alituachia saa ndogo sana ya Bulova, duara lake halizidi senti tano ya zamani. Aliipewa na mama mmoja Mmarekani wa misheni ya Friends pale Kaimosi alipokuwa akimfanyia kazi. Nyuma ina L8 na namba nyingine ndefu, na maneno 10K ROLLED GOLD PLATE. Wajomba wanasema ni dhahabu na wanataka iuzwe. Ni ya mwaka gani?

Fundi_Nakuru

Ya 1958. Bulova walimrahisishia fundi: L ni miaka ya hamsini, M ya sitini, N ya sabini, na tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo. Hapo hakuna kukisia kama kwa Seiko.

Kuhusu dhahabu, wajomba wasikilize vizuri. Maneno hayo yana maana ya tabaka jembamba la dhahabu lililobandikwa juu ya madini ya kawaida. Ukiiyeyusha hupati kitu cha kugawana. Ikae kwa mjukuu atakayeitunza.

Nesi_Mstaafu (Siaya)

Mwanangu wa Kisumu, nimesoma habari ya mama yako na kukaa kimya kwa muda. Mimi pia nilivaa sare ile nyeupe, ingawa si Russia.

Nikuambie jambo ambalo fundi hawezi kuliona kwenye mashine. Umesema mshale wa sekunde ni mrefu, unatoka katikati. Kwa nesi hilo ndilo la kwanza. Wakati ule wasichana wengi mjini walivaa vile visaa vya mapambo, vyembamba kama bangili, visivyo na mshale wa sekunde. Vilipendeza, lakini wodini havikufaa kitu. Unamshika mgonjwa mshipa kwa vidole, macho kwenye mshale, unahesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili. Mapigo yakiwa hayana mpango unahesabu dakika nzima, hata kama kuna vitanda thelathini vinakusubiri. Baba yako alichagua Seiko, nadhani aliambiwa na mtu, au alimsikiliza mama yako kwa makini alipokuwa akieleza masomo yake.

Na ile tabia ya kutazama upande wa ndani wa kifundo, sisi tulivaa hivyo. Uso wa saa ukiwa ndani, ukimshika mgonjwa mkono saa inakutazama wewe, na kioo hakigongi chuma cha kitanda wala kumkwaruza mtoto unapomgeuza. Nimeacha kazi miaka mingi na bado navaa hivyo.

Muulize, kwa hila asijue, kama saa yake ilikuwa na tarehe.

Binti_wa_Nesi (Kisumu)

Mama, asante sana. Sikuwa najua kwa nini hutazama upande huo. Miaka yote nilidhani ni mazoea yake tu.

Fundi, nimetumia lenzi ya mwanangu ya shuleni, mchana, dirishani. Ilinichukua muda kwa sababu maandishi ni madogo kuliko nilivyodhani, kama vumbi lililopangwa. Kushoto ni JAPAN. Halafu 2205, kistari, namba nne na herufi moja mwishoni. Yamesimama wima, hayajafura. Bluu yenyewe, nikiielekeza kwenye jua, ina miale inayotoka katikati kwenda ukingoni, na karibu na kidirisha cha tarehe imefifia kidogo.

Fundi_Nakuru

Miale hiyo na kufifia huko vimenifurahisha. Uso uliopakwa upya mara nyingi ni wa rangi moja iliyolala, tena hauzeeki sawasawa na saa. Huo ni wa kiwandani. Sasa bado mashine.

Binti_wa_Nesi (Kisumu)

Nimerudi na habari kamili, na saa tayari ameshapewa mwenyewe.

Fundi niliyempata ana kibanda kisichozidi mlango mmoja, karibu na stendi. Hakuchukua kisu. Alikuwa na kifaa chake, akafungua taratibu huku mimi nikiwa nimeshika tochi ya simu. Ndani mashine imeandikwa 2205A na vito 17. Alinieleza kwamba vito hivyo ni yakuti za kutengenezwa, ekseli za magurudumu huzungukia ndani yake ili chuma kisiliwe. Kwa hiyo kifuniko, uso na mashine vyote vinasema jambo moja. Kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa si cha Seiko, kimebadilishwa, na mpira wa kuzuia maji ulikuwa umegeuka kama lami. Ameusafisha mtambo mzima, ametia mafuta, ameweka mpira mwingine na kupunguza pingili mbili za cheni. Ameniambia hata hivyo isiingie kwenye maji. Nimelipa 1,200 na sijutii hata shilingi.

Jambo lililonishika ni upande wa ndani wa kifuniko. Kuna mikwaruzo iliyoandikwa kwa ncha ya kitu kikali: 3/84, na chini yake 11/87, kila moja na alama yake. Fundi alisema ni mafundi wa zamani, kila mmoja aliandika mwezi na mwaka alioisafisha, ili saa ikirudi ajue ni yake. Niliposoma 87 moyo wangu ulikwenda mbio. Mama aliuza yake 1989. Nilitembea kutoka stendi mpaka nyumbani nikiwaza jambo ambalo sikuthubutu kumwambia hata mume wangu.

Siku yenyewe tulikuwa wote nyumbani kwake, kaka yangu akiwemo. Nilimpa kisanduku baada ya chakula. Alifungua, akaitazama, akaigeuza mgongo, akaisogeza mbali na macho kwa sababu miwani ilikuwa chumbani. Nilimwambia yote mliyonifundisha: Novemba 1976, mashine ni ile ile, uso ni ule ule, kifundo cha pembeni si chake. Nilimuuliza kama yake ilikuwa na tarehe.

Akasema, "Haikuwa na tarehe. Na yangu ilikuwa ya kutiwa ufunguo. Nilikuwa naitia kila asubuhi maji ya chai yakichemka." Kwa hiyo si yake, na sasa najua bila shaka. Ni dada ya ile, ya miaka ile ile.

Kisha akaivaa. Uso ndani, bila kufikiri, kama vile aliivua jana. Kaka yangu, ambaye karo yake ndiyo iliyoichukua ile ya kwanza, aliinuka akatoka nje kidogo akarudi.

Tangu hapo haijasimama hata siku moja, maana mama hakai: kuku, bustani, kanisa. Swali langu la mwisho ni lake, amenituma niulize. Mwezi uliopita ulikuwa na siku 30, na saa ikamwonyesha 31. Anataka kuirekebisha mwenyewe lakini anaogopa kuiharibu.

Fundi_Nakuru

Mwambie mama pongezi nyingi kutoka Nakuru, na aogope kidogo tu. Saa ya namna hii haijui mwezi gani una siku ngapi, kila mwezi usiofika 31 lazima isaidiwe.

Asiguse tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Saa hizo jino la ndani limeshika gurudumu la tarehe ili kuligeuza, ukilazimisha linavunjika, na kipuri chake ni cha kutafuta. Asubuhi baada ya chai, aipeleke kwanza mishale mpaka saa kumi na mbili, ule mfupi ukitazama chini kabisa, ndipo abadilishe tarehe, halafu arudishe saa mahali pake. Na kile kifundo cha pembeni, kwa kuwa si cha asili, akivute kwa kucha za vidole viwili, polepole, kwa kukinyoosha. Nitapita kwenye mikebe yangu. Nikipata cha Seiko cha kipimo hicho nitakuandikia hapa.

Nesi_Mstaafu (Siaya)

Mwambie pia kuna mwenzake Siaya anayetia ya kwake ufunguo mpaka leo, maji ya chai yakichemka.